Saa Iliyokuwa Mkononi mwa Mwenye Duka

Saa yangu ya kwanza ya mkono ilikufa maji, na maji yenyewe yalikuwa jasho langu.

Niliinunua kwa mchuuzi aliyepita Ruponda na sanduku kichwani, miaka ile baada ya vita kubwa, Wazungu walipoleta matrekta Nachingwea kufyeka mapori wapande karanga. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya dhahabu, na usoni imechorwa meli. Kwa nini mtu wa Ruponda ambaye hajawahi kuiona bahari alitaka meli mkononi, mpaka leo sijui. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeoa juzijuzi, na siku ile nilitembea mkono ukitangulia mbele kidogo kuliko mwili. Mke wangu aliniuliza kama nimeumia kiwiko.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa kung'oa visiki shambani mwao, na saa hiyo ndiyo iliyonipandisha cheo. Mzungu aliyesimamia sehemu yetu ya shamba aliuliza nani anajua kusoma saa. Nilikuwa nimefika darasa la nne, basi nikanyoosha mkono, ule ule wenye meli. Akanitoa kwenye kung'oa visiki akanipa nyundo. Kazi ilikuwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Saa moja asubuhi nagonga watu waanze kazi, saa sita nagonga wale, nusu saa baadaye nagonga warudi, na saa tisa nagonga waende kwao. Nilijiona mtu mkubwa. Wanaume wenye ndevu walikuwa wakinitazama kwa unyenyekevu kuanzia saa tano na nusu.

Lakini vumbi la Nachingwea ni vumbi la kweli. Matrekta mawili yalikuwa yakivuta mnyororo mmoja mrefu, miti ikilala chini kama majani, na nyuma yake linainuka wingu jekundu linaloingia puani, masikioni, kwenye uji, na kama nilivyokuja kujua, kwenye saa. Likikutana na jasho linakuwa tope. Kioo cha saa yangu kikaanza kuwa na ukungu kwa ndani. Halafu meli ikawa inasafiri kwenye mvua. Halafu mishale miwili ikagandana, nami nikawa naitikisa kila asubuhi ili iachane.

Siku ya msiba wangu ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mawingu yalikuwa yamefunika mbingu yote, jua halionekani liko wapi. Nikaitazama saa: saa tisa kamili. Nikashangaa siku imekwenda mbio, lakini nani anabishana na mashine? Nikachukua nyundo nikagonga.

Sijawahi kuona utii kama ule. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza. Matrekta yalizima moja baada ya jingine, mashoka yakatupwa begani, na watu wapatao mia wakapita mbele yangu kwa mwendo wa kukimbia bila kukimbia, wakiangalia chini, kama wanaoogopa kwamba wakinitazama nitajua nimekosea. Mmoja tu, dereva wa trekta kutoka upande wa Msumbiji, alinikonyeza akasema, "Mungu akuzidishie."

Mzungu alikuwa hemani anakula. Alitoka na kitambaa kimening'inia shingoni na kijiko mkononi. Akatazama shamba tupu. Akatazama saa yake: ilikuwa saa saba. Akaja kwangu, akanivua saa, akaiweka sikioni, akasikiliza sana. Kisha akanirudishia taratibu, kama mtu anayekurudishia kifaranga kilichokufa.

"Hii hapana saa," alisema. "Hii bangili."

Akaniambia siku ya Jumatatu nije na saa ya kazi, saa ya mwanamume, au nirudi kwenye visiki. Ilikuwa Alhamisi.

Kwetu Wamwera, jambo kubwa haliendi bila mjomba. Kuoa, kuhama, kugawana shamba, vyote mjomba awepo. Sikudhani saa imo kwenye orodha hiyo, lakini mjomba wangu, kaka wa mama, aliyeishi Nandagala, alikuwa amekuja Ruponda kumwona mama, na alipopata habari alikasirika.

"Ulinunua chuma bila mimi?"

"Mjomba, ile ilikuwa saa."

"Ni chuma. Na ndiyo maana imekufa."

Mjomba alisifika kwa kuchagua majembe. Watu walitoka mbali kumchukua waende naye dukani. Alikuwa analigonga jembe kwa ukucha, analisikiliza, analinusa, kisha anasema "hili" au "hili hapana," na hakukosea. Saa hakuwahi kuwa nayo. Hilo halikumtisha hata kidogo.

Jumamosi asubuhi tukaondoka kwa miguu kwenda Nachingwea, pesa yangu ya akiba nimeifunga kwenye leso. Njiani alinihoji kama daktari.

"Kwa siku moja hiyo saa inapata taabu gani?"

Nikamtajia: vumbi, jasho, mvua, na mtikisiko wakati ninapopanda trekta kutoka sehemu moja ya shamba kwenda nyingine.

"Na kugonga reli? Unagonga kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Na saa unaivaa mkono upi?"

Nikaurudisha mkono nyuma ya mgongo.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Mjomba alisimama katikati ya njia. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akaendelea kutembea, na kwa muda mrefu hakusema kitu ila "Darasa la nne!" mara mbili tatu, peke yake.

Mwenye duka tuliyemwendea alikuwa Mhindi mnene mchangamfu, mzaliwa wa Lindi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na kuliko cha mjomba kwa mbali. Aliuza vitambaa, majembe, mafuta ya taa, chumvi, na juu ya meza alikuwa na kisanduku cha kioo chenye saa. Nyuma, kwenye kigoda, alikaa mama yake, kikongwe wa sari nyeupe, anatafuna tambuu na kutazama kila anayeingia.

Akatutolea saa tatu. Ya kwanza ilikuwa ndugu wa ile yangu, nyembamba na ya dhahabu, ila yenyewe ilichorwa ua. Mjomba alipitisha ukucha ubavuni mwake, kisha akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja bila kuinyanyua. Ya pili ilikuwa kubwa, namba zake zinang'aa gizani. Mwenye duka akatuingiza chini ya meza, sote watatu, akatufunika kanga ili tuone inavyong'aa. Ilimetameta kijani, kama macho ya paka. Mimi niliipenda. Mjomba akauliza akiwa bado ndani ya kanga:

"Gizani wewe unagonga reli?"

"Hapana, mjomba."

"Basi tutoke."

Ya tatu ilikuwa ya chuma cheupe, haina urembo wowote. Kioo kinene, mkanda wa ngozi nyeusi, na mgongoni mfuniko unaozungushwa kama kifuniko cha chupa. Mjomba akaipima uzito kiganjani. Akaupitisha ukucha wake mrefu pembeni mwa mfuniko, pole pole, akizunguka.

"Kwenye ile ya ua ukucha uliingia," alisema. "Hapa hauingii. Vumbi nalo litahangaika."

Akaunusa mkanda. Akaitia sikioni akafumba macho. Hata kikongwe aliacha kutafuna.

"Inapumua vizuri," mjomba akasema. Halafu akaitazama usoni na uso wake ukabadilika. "Sasa ni saa ngapi?"

Mwenye duka akamwambia ni saa nne.

"Mbona mshale mfupi uko kwenye kumi?"

Nikamweleza kwamba sisi tunasoma upande wa pili. Saa ya Wazungu huanza kuhesabu katikati ya usiku, yetu huanza asubuhi, basi kumi yao ni nne yetu, na kumi na mbili yao ya mchana ni saa sita yetu.

"Wanaanza kuhesabu watu wamelala?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nani anawasikia?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza, na nadhani hapo ndipo alipompenda mjomba, jambo lililomponza.

"Mzee," alisema, "chukua hiyo ya chuma. Haiingii maji hii. Haiingii vumbi. Ukiiangusha haisemi hata *aa*."

"Tuitie kwenye maji tuone."

"Nikishaitia majini nitamuuzia nani?"

"Mimi."

"Na ikifa?"

"Ikifa si saa tena. Nitanunuaje?"

Mwenye duka akaona maneno hayatamfikisha. Akakunja mkono wa shati lake la kushoto. Kulikuwa na saa, ya chuma cheupe, kioo kinene, pacha wa ile iliyokuwa mezani, ila hii ilikuwa na mikwaruzo.

"Tazama. Mimi mwenyewe mwaka wa tatu huu. Nalala nayo, naoga nayo."

"Tuone unavyooga," mjomba akasema.

Basi mwenye duka, kwa ajili ya heshima ya bidhaa zake, akaagiza ndoo ya maji, akaiweka kwenye baraza ya duka, akachutama, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Wapita njia wakasimama. Mtu kuchutama na mkono ndooni, huku watu wawili wamemsimamia wakimtazama, si jambo la kila siku. Tukakaa. Alipotaka kuutoa, mjomba akasema, "Mvua ya kwetu hainyeshi kidogo hivyo," mwenye duka akaurudisha.

Ulipotoka, saa ilikuwa inakwenda. Kioo kikavu kwa ndani, hakuna ukungu. Watu wakapiga makofi. Mwenye duka akasimama akawainamia.

"Na mtikisiko?" mjomba akauliza. "Huyu mpwa wangu anapanda trekta."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja kununua chumvi akasema jirani pale kuna kinu. Kikaletwa, na mtwangio wake, na mihogo mikavu ndani. Mwenye duka alikuwa ameshashikwa na ari, jasho linamtoka, macho yanang'aa. Akashika mtwangio akaanza kutwanga. Sijui kama aliwahi kutwanga maishani. Alikuwa anainua mtwangio juu mno na kupiga pembeni mwa kinu, na wanawake wakawa wanamwelekeza, "Katikati, bwana! Usikiogope!" Umati ukajaa mpaka barabarani. Lori lililokuwa linakwenda Ruangwa likasimama, abiria wakashuka kuja kumwona mwenye duka anatwanga muhogo.

"Vumbi," alisema mjomba, mwenye duka alipopumzika.

Hilo hakuhitaji kuombwa mara mbili. Akauzamisha mkono wenyewe ndani ya unga alioutwanga, akauzungushazungusha, akautoa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Akakipuliza kioo. Akakipangusa kwa shati. Akauinua mkono juu kama bondia aliyeshinda, na chini ya unga mshale mwembamba wa sekunde ulikuwa unazunguka, tik tik tik, hauna habari.

"Haya, mzee!" alisema akihema. "Umeridhika? Nikufungie ile mpya?"

"Hapana," mjomba akasema. "Tunataka hiyo."

"Ipi?"

"Uliyoivaa."

Mwenye duka aliutazama mkono wake kana kwamba umeongea.

"Hii ni yangu!"

"Ndiyo tuliyoiona," mjomba akasema kwa upole kabisa. "Imeoga, imetwanga, imekula unga. Ile ya mezani hatujui tabia yake."

"Lakini ni ile ile! Kiwanda kimoja, mzee! Mama mmoja, baba mmoja!"

"Mimi nina ndugu wanne, mama mmoja," mjomba akasema. "Usingependa kuwanunua wote."

Umati ukaangua kicheko. Mwenye duka akageuka kwangu kutafuta msaada, nami nikatazama chini. Nilikuwa naitaka ile mpya, sitaficha. Niliutaka ule mng'ao wake. Lakini nilikuwa nimeshauona ule mshale mwembamba ukizunguka chini ya unga wa muhogo, na moyo wangu ulikuwa umeanza kuhamia upande wa mjomba.

Aliyeamua kesi ni kikongwe. Alikuwa amesogea mpaka mlangoni, na mdomo wake mwekundu wa tambuu ulikuwa wazi kwa kicheko kisicho na sauti, machozi yanamtiririka. Akamwambia mwanawe maneno machache ya Kihindi. Mwenye duka akajibu kwa kulalamika. Kikongwe akarudia, kwa ufupi zaidi, akanyoosha kidole. Na yule mtu mkubwa, mwenye duka lake na mvi zake, akaanza kufungua mkanda.

"Mama anasema," alitueleza kwa huzuni, "tangu baba afariki hajacheka hivi. Anasema nikupeni hii, kwa bei ya chini maana imetumika, na mimi nivae mpya."

Alipoivua, palibaki mstari mweupe mkononi pake, sehemu pekee ambayo jua halikuifikia kwa miaka mitatu. Akausugua kidogo. Nilimwonea huruma. Mjomba akaichukua saa, akanivalisha yeye mwenyewe, mkono wa kushoto, akakaza mkanda tundu moja zaidi ya nilivyotaka.

Jumatatu Mzungu akaniita. Akaigeuza, akaona mfuniko wa kuzungusha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaitia sikioni. Kisha akaileta puani.

"Kwa nini nuka muhogo?"

Nikamwambia ni saa ya hapa hapa.

Miezi michache baadaye saa ile ilifanya mtihani wake mkubwa kuliko wa ndoo. Mnyororo wa matrekta uliangusha mti uliokuwa na mzinga wa nyuki. Anayejua nyuki wa mapori yetu hahitaji kuelezwa. Madereva waliruka kutoka kwenye matrekta yakiwa bado yanatembea. Mimi nilikimbia huku nikijipiga kichwa kwa mikono miwili, nikajikwaa kwenye kisiki, nikaangukia mkono wa kushoto, nikainuka, nikatumbukia kwenye dimbwi la maji ya mvua nikabakiza pua tu juu. Nilikaa mle mpaka mlio ulipokwisha. Nilipotoka uso wangu ulikuwa umevimba, macho yote yamefumba, sioni kitu. Yule dereva wa kutoka upande wa Msumbiji, naye mdomo umemvimba kama andazi, akanishika mkono akausafisha tope kwa kidole.

"Shaa nne na nushu," alisema. "Inakwenda hii!"

Nikamwomba anipeleke mtini. Saa sita nilipogonga reli nilikuwa kipofu, yeye ananisomea dakika. Mzungu, ambaye alikuwa amevimba sikio moja, alikuja kutazama, akacheka, kisha akaturuhusu sote kwenda nyumbani. Mke wangu alinipokea mlangoni, akasema, "Karibu, unamtafuta nani?"

Mambo ya karanga hayakwenda kama Wazungu walivyotaka. Kila mwaka mashine zilipungua, sehemu yetu ikafungwa, nikapewa ahsante na kuondoka. Sikulia. Mjomba akanikatia shamba Nandagala, mimi na mke wangu tukahamia huko, tukapanda mikorosho na ufuta. Sasa sikuwa na wa kumgongea reli. Saa ilibaki mkononi kwa mazoea, ikipalilia nami, ikinyeshewa nami, na majirani walikuwa wakiniuliza saa ngapi hata kama jua liko wazi juu ya vichwa vyetu, kwa kupenda tu kusikia jibu.

Mwaka mmoja mjomba alikuja kuiazima. Kulikuwa na mikutano ya wakulima Ruangwa, naye amechaguliwa kuwawakilisha wazee, na alisema haifai mwakilishi kufika bila saa. Nikamfundisha kuisoma. Alijifunza upesi, ila kila alipoisoma alikuwa akiigeuza juu chini kwanza, ili kumi na mbili yetu ikae juu, mahali alipoona ndipo panapostahili.

Aliniambia siku tatu. Zilipita wiki, ukapita mwezi, zikapita palizi na mavuno. Sikumdai, mjomba hadaiwi. Habari zake nilizisikia: amesimama mbele ya mkutano na kumwambia mnunuzi wa ufuta kwamba amechelewa dakika kumi na saba. Amemwamsha mkewe kumwonyesha kwamba kumekucha. Amekataa kula kwa jirani kwa sababu bado dakika tano.

Kisha asubuhi moja alinikuta nachuma korosho. Akakaa kwenye gogo, akavua saa, akaniwekea kiganjani. Ule mkanda mweusi ulikuwa umekatika zamani, naye alikuwa ameshona mwingine wa ngozi ya mbuzi, mpana kama kiganja, manyoya yake bado yapo.

"Chukua saa yako," alisema. "Nimechoka nayo. Inanichelewesha."

"Mjomba, saa inakucheleweshaje?"

"Kabla ya hii sikuwahi kuchelewa popote. Nilikuwa nafika ninapofika, watu wanasema, karibu. Sasa nafika, naitazama, nakuta nimechelewa. Na hakuna aliyejua ila mimi!"

Alisema kwa uchungu wa kweli, nami nikauma midomo nisicheke. Nikaivaa. Manyoya ya mbuzi yalinitekenya. Mjomba akajinyoosha, akatazama pande zote mbili za shamba kama mtu aliyetua mzigo, akauliza kama kuna uji. Nikamwambia upo, lakini mke wangu ndiyo kwanza anaukoroga.

"Vizuri," alisema, akaegemea mkorosho, akafumba macho. "Nitakaa."